Kazi Nyingi Bila Kazi: Ajira ya Wanawake, Familia na Historia ya Neno Moja



1.0 Utangulizi

Awali ya yote nawashukuru waandaaji wa mhadhara huu kwa heshima waliyonipa. Mtu aliyefundisha isimu kwa zaidi ya miaka thelathini hutarajiwa azungumzie fonolojia au mofolojia, na kwa kweli sitakwenda mbali sana na mambo hayo. Hata hivyo, leo naomba ruhusa ya kuitumia isimu kama kurunzi ya kumulikia historia ya jamii, hususani historia ya wanawake na ajira katika Afrika Mashariki.

Nianze na fomu. Nilipochaguliwa kuingia shule ya sekondari katika miaka ya 1970, nilipewa fomu yenye mistari miwili iliyofuatana: "Kazi ya baba" na "Kazi ya mama". Katika mstari wa kwanza niliandika "karani, shamba la mkonge". Katika wa pili niliandika neno moja tu: "Hana". Mama alikuwa ameketi mkekani karibu nami, anasuka ukili. Mkeka aliokuwa akiusuka uliagizwa na jirani, na fedha zake ndizo zilizoninunulia sanduku la bati na shuka za kwendea shuleni. Aliniuliza nimeandika nini, nikamsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, mwanangu, acha hivyohivyo. Hao wanauliza ya kuajiriwa."

Mama hakupita shule, lakini alikwisha kuitambua tofauti ambayo mimi nimeitafuta vitabuni kwa miaka mingi. Fomu iliuliza kazi, naye akajua kwamba kilichotakiwa ni ajira. Hoja yangu katika mhadhara huu ni kwamba, kwa muda wa takribani karne moja, neno "kazi" limebanwa katika baadhi ya miktadha hadi likalingana na ajira. Kwamba kubanwa huko hakukutokana na lugha yenyewe bali na historia ya kodi, kipande na mshahara. Na kwamba gharama yake imelipwa zaidi na wanawake, mahakamani, katika takwimu na ndani ya familia zetu wenyewe.

2.0 Kazi, ajira na ujira

Tutofautishe kwanza istilahi. "Ajira", "ajiri", "mwajiri" na "ujira" ni maneno ya ukoo mmoja yaliyotoka katika Kiarabu, na kiini chake ni malipo. Penye ajira pana watu wawili na malipo baina yao. "Kazi" ni neno pana zaidi. Twasema kazi ya shamba, kazi ya mikono, kazi ya moyo katika mwili, kazi ya kiambishi katika kitenzi. Methali isemayo "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" haimwajiri mgeni. Yamwingiza katika familia. Kufanya kazi pamoja na wenyeji ndiko kunakomwondolea ugeni. Katika fikra hiyo, kazi na ujamaa wa watu havitengani.

Ubanaji ninaouzungumzia hauonekani katika nomino ikiwa peke yake. Waonekana katika miundo fulani. Hebu tutazame jozi hizi. Mtu akisema "Nina kazi nyingi", twaelewa kwamba ana shughuli zilizomzonga. Akisema "Nina kazi", twaelewa kwamba ameajiriwa. Vivyo hivyo, "Anafanya kazi ya kufua" yaweza kusemwa juu ya mtu yeyote, lakini swali "Mkeo anafanya kazi?" halihusu kufua hata kidogo. Kwa hiyo mwanamke wa Kiswahili cha leo anaweza kuwa na kazi nyingi na wakati huohuo asiwe na kazi, na sentensi hiyo isimshangaze mtu.

Kiambishi cha mahali chatupa ushahidi wa pili. Twasema jikoni, kisimani, shambani, sokoni. Hayo yote ni mahali pa kazi, lakini hakuna hata pamoja panapoitwa "kazini". Aliyekwenda kisimani alfajiri na aliyeinama shambani hadi adhuhuri hawako kazini. Neno hilo limewekewa mipaka: kazini ni kwa mwajiri, nje ya nyumba, penye saa ya kuingia na saa ya kutoka.

Hapa naomba niondoe dhana moja potofu ambayo wanafunzi huniletea kila mwaka. Wengi hudhani kwamba neno "mjakazi" lilitokana na kazi, yaani mja wa kufanya kazi. Sivyo. "-Kazi" ya mjakazi ni mzizi wa kale wa Kibantu wenye maana ya mwanamke au mke, ndio huohuo tunaoukuta katika "mkazamwana", mke wa mwana. Mjakazi ni mja wa kike, kama mtwana alivyokuwa mja wa kiume. Maneno mawili yamegongana kwa sauti tu. Hata hivyo, upotofu huu una funzo: masikio yetu yamezoea kuusikia utumwa ndani ya kazi ya mwanamke, na historia imetupa sababu ya kusikia hivyo.

3.0 Kutoka utumwa hadi kipande

Mwaka 1897 Sultani wa Zanzibar, kwa shinikizo la Waingereza, alitoa amri ya kuifuta hadhi ya kisheria ya utumwa. Mtumwa aliyetaka kuachwa huru aliweza kwenda kuomba. Lakini kundi moja liliwekwa kando, nalo ni la masuria. Watawala walishika rai kwamba suria ni kama mke, na kumwachia huru kungevunja nyumba za watu. Ilipasa kungoja hadi mwaka 1909 ndipo masuria nao wakaruhusiwa kudai uhuru wao. Yaani kwa miaka kumi na miwili sheria ilitenganisha watumwa wawili wa nyumba moja: aliyechuma karafuu alihesabiwa kuwa mfanyakazi wa kukombolewa, na aliyelala chumbani na kulea watoto alihesabiwa kuwa familia. Nakiona kisa hiki kuwa mfano wa mapema kabisa, katika sheria za kisasa za pwani yetu, wa jina la familia kutumiwa kuifuta kazi ya mwanamke.

Huko bara, kazi ya kulipwa iliingia kwa mlango wa kodi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19, na Waingereza wakaiendeleza kwa sura nyingine. Mlipaji aliyefuatwa alikuwa mwanamume. Ili apate fedha alilazimika kwenda mashamba ya mkonge, reli au bandari. Maneno ya ajira tuliyoyarithi yana alama ya safari hiyo. "Kibarua" chenyewe ni barua ndogo, yaani hati aliyopewa mtu wa kazi ya kutwa, kisha jina la hati likamwangukia mtu. "Kipande" kilikuwa kadi ya kuhesabia siku za kazi. Nchini Kenya, chini ya sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kipande kilikuwa hati ya lazima ya utambulisho kwa wanaume Waafrika kuanzia umri wa miaka 16. Wanawake hawakupewa. Wengi waliliona hilo kuwa nafuu, na kwa upande mmoja lilikuwa nafuu, kwa kuwa kipande kilikuwa pingu. Lakini pingu hiyo ndiyo iliyokuja kuwa ushahidi wa kuwa mfanyakazi. Aliyekosa kipande alikosa pia kuonekana.

Wakati huo mshahara wa mwanamume ulipangwa kana kwamba hana mke wala watoto. Kilichoufanya uwezekane ni jembe la mke aliyebaki kijijini. Yeye ndiye aliyewalisha watoto, akawauguza wazee, akampokea mume aliporudi mgonjwa. Mashamba ya mkonge yalitegemea kazi hiyo bila kuilipa na bila kuiandika popote. Ajira ya mume na kazi ya mke zilikuwa kitu kimoja chenye pande mbili, ila upande mmoja tu ndio uliopata jina.

Hata kazi za ndani ya nyumba, pale zilipolipwa, zilikuwa za wanaume. Katika nyumba za Wazungu na Wahindi za Dar es Salaam, mpishi, dobi na yule aliyeitwa "boi" hata awe na mvi, karibu wote walikuwa wanaume. Janet Bujra, katika kitabu chake *Serving Class* cha mwaka 2000, ameeleza jinsi utumishi wa majumbani nchini Tanzania ulivyotoka polepole mikononi mwa wanaume na kuingia mikononi mwa wanawake. Tuliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia. Kupika na kufua si kazi za kike kwa maumbile yake. Zilipolipwa vizuri kiasi, wanaume walizifanya bila kuona haya.

4.0 Fedha isiyoitwa mshahara

Haina maana kwamba wanawake wa pwani hawakujua fedha. Walizijua mapema, lakini zilipita kwenye njia za undugu na ujirani. Kulikuwa na msusi, mkunga, kungwi, mfinyanzi, mshonaji wa kofia na mpika vitumbua. Mwanamke wa kukaa ndani, asiyeweza kwenda sokoni mwenyewe, alishona kofia na kumtuma mtoto akaiuze. Kungwi alipewa nguo, mchele na fedha, lakini hakuna aliyethubutu kumwita mwajiriwa wa mama wa mwari. Aliitwa somo, na usomo ulidumu maisha yote.

Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, alianza maisha kwa kuuza vyungu vilivyofinyangwa nyumbani kwao, kabla ya kuwa mwimbaji aliyerekodiwa Bombay mwaka 1928. Shaaban Robert alipoandika wasifu wake alimpa mwanamke huyo nafasi ambayo maandishi ya Kiswahili ya wakati ule hayakuwapa wanawake wengi. Kwa mada yetu, jambo la kuzingatia ni kwamba Siti alijulikana kwa sababu alitoka. Wafinyanzi waliobaki Fumba walifanya kazi ileile, nao hawakuandikwa.

Kazi hizi zisizo na jina zilijenga pia siasa. Sehemu ya wanawake ya TANU ilipoanzishwa mwaka 1955 chini ya Bibi Titi Mohamed, wanachama hawakutafutwa katika maofisi, kwa kuwa wanawake wa maofisini walikuwa wachache mno. Walitafutwa katika vikundi vya ngoma na miongoni mwa wauza pombe, wauza maandazi na wenzao. Susan Geiger, katika *TANU Women* cha mwaka 1997, ameonyesha kwamba wengi wa wanaharakati wale wa Dar es Salaam walikuwa wanawake wa makamo, wenye elimu ndogo ya shule, waliojitegemea kwa biashara zao ndogo. Walikuwa na uhuru wa kutoka kwa sababu walikuwa na fedha zao. Walikuwa na watu wa kuwaita kwa sababu kazi yao na maisha yao ya kijamii vilikuwa mtandao mmoja. Chama kilijengwa na watu ambao, kwa lugha ya fomu yangu, walikuwa "hana".

Baada ya Uhuru, kazi ikawa neno la taifa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitamka wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko watu wengine wote nchini, mara nyingine saa 12 au 14 kwa siku, huku wanaume wengi wa vijijini wakiwa kama watu walio likizo kwa nusu ya maisha yao. Ni maneno ya ujasiri, na wachache wameyarudia kwa uwazi ule. Lakini tuusome waraka huo kwa makini ya kiisimu. Katika kundi hilohilo la walio likizo, Azimio liliwataja pia baadhi ya wanawake wa mijini. Jembe lilitambuliwa kuwa kazi. Sufuria, beseni la nguo na mtoto mgonjwa mjini havikutambuliwa.

5.0 Mwaka 1983

Katika historia ya neno hili nchini Tanzania, mwaka 1983 una uzito wa pekee, kwa kuwa katika mwaka huo vyombo viwili vya dola vililazimika kujibu swali moja: kazi ni nini?

Kwa upande mmoja, Bunge lilipitisha Sheria ya Nguvu Kazi, iliyomtaka kila mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika. Msako ukafanyika Dar es Salaam dhidi ya walioitwa wazururaji, na wauzaji wadogo wakajikuta miongoni mwao. Mtu aliyekuwa akihangaika tangu alfajiri alitakiwa athibitishe kwamba si mvivu.

Kwa upande wa pili, Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Wanandoa hao walikuwa wametalikiana, na mke, aliyekuwa mama wa nyumbani, alidai sehemu ya mali iliyopatikana wakati wa ndoa. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 chaitaka mahakama izingatie mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Neno la mwisho ndilo lililoleta ubishi. Baadhi ya majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wameshika maana finyu: kupika na kulea ni wajibu wa mke kwa mumewe, basi si mchango. Wengine walishika maana pana. Jopo lililoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali likaamua kwamba maana pana ndiyo sahihi. Kazi za nyumbani ni kazi, nazo ni mchango katika upatikanaji wa mali ya familia.

Wanasheria huisifu hukumu hii, na wanastahili kuisifu. Mimi kama mwanaisimu naiona pia kuwa ni tukio la kileksikografia: mahakama ilifanya uamuzi wa kamusi. Lakini tusisahau mwisho wake. Bi Hawa mwenyewe hakupata sehemu ya mali ile. Mahakama iliona kwamba mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzishia mradi wa familia, naye akazitumia vibaya. Waliokuja baada yake ndio waliofaidi maana mpya ya neno. Yeye aliondoka na ushindi wa jina.

Miaka iliyofuata ilizidi kuyachanganya mambo. Mshahara ulipopoteza thamani, familia nyingi za mjini ziliacha kuutegemea. Aili Mari Tripp, aliyetafiti Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1980, ameonyesha katika *Changing the Rules* cha mwaka 1997 jinsi biashara ndogondogo, nyingi zikiwa za wanawake, zilivyozilisha nyumba ambazo baba alikuwa bado anaitwa mfanyakazi. Lugha ikawa mbioni kutafuta majina. Tulisikia "mradi", "kujishughulisha", "kuganga njaa", na baadaye "kujiajiri". Mteja aliyeita "Mama, n'tilie" alimpa mpishi wa barabarani jina la mama ntilie, ambalo wengine wamelisafisha kuwa mama lishe. Tazameni majina haya. Mwanamke huyu ana mtaji, ana wateja, ana madeni, na pengine ana wasaidizi wawili, lakini twamwita mama. Hata akiwa katika biashara kamili, lugha yamrudisha jikoni.

Nchini Kenya, sheria ya mali ya wanandoa ya mwaka 2013 imetaja waziwazi kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa mchango. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilifafanua kwamba hilo halimaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja. Mchango lazima uthibitishwe. Ugumu u hapo. Mwenye ajira ana hati ya mshahara. Aliyelea watoto watano atathibitisha kwa karatasi gani?

6.0 Dada wa kazi

Ndugu Mwenyekiti, ningeweza kuishia hapo, nikabaki msomi anayewanyoshea kidole watawala na majaji. Uungwana wanitaka niseme na la nyumbani kwangu.

Nilipokuwa naandika tasnifu yangu ya uzamivu, mke wangu alikuwa mwuguzi wa zamu, nasi tulikuwa na watoto wadogo wawili. Aliyeiwezesha ajira ya mke wangu na elimu yangu alikuwa binti wa miaka kumi na saba aliyetoka kijijini kwetu. Tulimwita dada, na watoto wakamwita dada. Tulisema ni kama mwanetu. Hatukuandikiana mkataba. Malipo yake tuliyaita "ya sabuni", na nyakati nyingine tuliyachelewesha kwa sababu, kama tulivyosema, huyu ni mtu wa nyumbani. Alikaa nasi miaka minne. Katika ukurasa wa shukrani wa tasnifu ile niliwataja wasimamizi, maktaba tatu na rafiki aliyenichapia. Dada simo niliyemtaja.

Jina la undugu laweza kuwa heshima, na laweza kuwa njia ya kukwepa ujira. Mara nyingi ni yote mawili, na anayeitwa kwa jina hilo hujua ni lipi kabla ya anayemwita. Watawala wa mwaka 1897 walimwita suria mke. Mimi nilimwita mfanyakazi dada. Sifananishi utumwa na nyumba yangu, ila nasema mantiki ya maneno ni moja.

Sheria imejaribu kutuzindua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wa kike wa Tanzania Bara likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na mfanyakazi wa nyumbani ni mwajiriwa kama wengine. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 189 kuhusu wafanyakazi wa majumbani. Lakini ni dada gani wa kazi ambaye mimba yake huitwa sababu ya likizo? Kwa kawaida huwa sababu ya kurudishwa kwao. Hivyo ajira ya mwanamke mmoja, pamoja na likizo yake halali, husimama juu ya kazi ya mwanamke mwingine asiye na likizo.

7.0 Hitimisho

Mwaka 2013, watakwimu wa kazi wa kimataifa waliokutana Geneva walikubaliana kwamba kazi na ajira ni vitu viwili: kazi ni shughuli yoyote ya kuzalisha bidhaa au kutoa huduma kwa matumizi ya wengine au ya mwenyewe, na ajira ni sehemu yake moja tu, ile ya malipo au faida. Kiswahili kilikuwa na jozi hiyo tayari. Mama aliitumia akiwa juu ya mkeka.

Napendekeza mambo matatu, nayo yako ndani ya uwezo wetu watu wa lugha. Kwanza, watungaji wa fomu, hojaji na sensa waulize ajira wanapotaka ajira, na wanapouliza kazi wawe tayari kupokea jibu zima. Pili, wanaleksikografia waongeze mifano ya matumizi ya neno "kazi" inayotoka jikoni, shambani na katika malezi, si ofisini na kiwandani pekee. Mfano wa kamusi ni kitu kidogo, lakini mwanafunzi huusoma kama kanuni. Tatu, wanafunzi wetu wakakusanye maneno ambayo wanawake wenyewe huyatumia kuelezea siku yao, kabla wakongwe wenye maneno hayo hawajatutoka. Kitabu cha Sarah Mirza na Margaret Strobel cha mwaka 1989, chenye masimulizi ya wanawake watatu Waswahili wa Mombasa, chaonyesha kiasi gani cha historia hupatikana msimuliaji akiachwa aseme kwa kauli yake.

Kubadili neno hakubadili mshahara, nakiri. Bi Hawa alishinda neno akakosa mali. Lakini pasingekuwa na neno, waliomfuata wasingekuwa na la kudai.

Mama alifariki miaka kadhaa iliyopita. Nilipokwenda kuandikisha kifo chake, karani aliniuliza kazi ya marehemu. Nikamjibu, "Msusi wa mikeka, mkulima, na mlezi wa watoto saba." Akaniambia nafasi ni ndogo, nichague moja. Nikamwomba aandike kwa herufi ndogo.